Mke wangu amekuta daftari la safari ya marehemu, anadhani nilimwandikia yeye

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 51, mzaliwa wa Tanga, dereva wa basi la abiria katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani. Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Jambo lenyewe ukilisikia juu juu utasema ni shida ya mtu aliyeshiba: mimi na mke wangu tunajiandaa kwenda likizo, wiki moja, mji mzuri wa pwani huko Italia. Wenzangu kazini wananiambia nina bahati. Mimi tangu Aprili sipati usingizi.

Marehemu mke wangu alikuwa mwalimu wa jiografia kabla hatujahamia huku. Mwaka 2019 akapatikana na saratani. Majira yale ya baridi, akiwa anakwenda na kurudi hospitali, alikataa kabisa kuzungumzia ugonjwa. Alitaka tuzungumzie safari. Akachagua Cefalù, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Sisilia, kilomita kama 70 mashariki mwa Palermo. Picha zake ni nzuri, sikatai: nyumba za mawe zimeshuka mpaka majini, kanisa lenye minara miwili, na nyuma yake jabali kubwa limeinamia mji mzima. Lakini yeye hakuvutwa na picha. Alivutwa na somo lake. Darasani Tanga alizoea kuwasimulia wanafunzi habari za al-Idrisi, yule mwanajiografia Mwarabu aliyefanya kazi Palermo kwa Mfalme Roger wa Pili, na mwaka 1154 akakamilisha kitabu cha habari za dunia ambamo Malindi na Mombasa zimetajwa kwa majina. Mfalme huyohuyo ndiye aliyeanza kujenga lile kanisa la Cefalù mwaka 1131. Marehemu akisema, "Nataka nikaone kwake huyu Mzungu aliyetuulizia mapema."

Dawa zilikuwa zimemtia ganzi vidole, kalamu haishiki. Kwa hiyo yeye alisema, mimi nikaandika. Daftari la jalada la bluu, la kawaida tu la shule. Binti yetu, wakati ule ana miaka 14, akachora ramani ya mji kwenye kurasa mbili za katikati kwa penseli za rangi.

Nikupe mfano wa yaliyomo. "Septemba, wiki ya pili, si Agosti, Agosti Italia nzima iko baharini." "Ndege hadi Palermo, halafu treni mbili, kaa upande wa kushoto uione bahari." "Chumba cha chini. Nyumba za kale hazina lifti na ngazi zake ni za kuparamia." "Asubuhi ni granita, barafu laini ya kusagwa, ya lozi au ya forosadi, na brioche, mkate wao laini, utachovya kama mkate kwenye chai." "Ule mpira wa wali wa kukaanga, arancina, usichukue wa siagi, ndani kuna nguruwe. Omba wa mchicha." "Kanisani juu kabisa kuna picha ya Nabii Isa ya vipande vya vioo, ameshika kitabu, ukurasa mmoja Kigiriki na wa pili Kilatini, maneno ni yaleyale." "Hapa kaa chini ya mitende, dakika 20." "Hapa kuna benchi." "Hapa pia."

Tulikuwa tuende Septemba 2020. Mwaka ule unaujua. Daktari alikataa asipande ndege. Februari 2021 akatutoka, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nilioa tena mwaka 2023. Mke wangu ni mtu wa Malindi, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke mchangamfu, kabla ya zamu anakimbia kilomita tano hata kukiwa na theluji. Nyumba yangu ilikuwa imenyamaza, yeye ndiye aliyeirudishia sauti. Nakuambia hili ili usidhani simpendi.

Sasa, Aprili alikuwa anatafuta karatasi za bima kwenye droo. Nilirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku nikamkuta ameketi jikoni, daftari liko mbele yake, analia kwa furaha. Akanikumbatia. "Tangu lini umekuwa ukinipangia mambo haya?" Malindi imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu. Jina la marehemu halimo. Nani huandika jina la mtu anayezungumza naye ana kwa ana? Mwaka nao haumo. Nilifungua kinywa nimweleze. Kikatoka, "Nilitaka nikushtukize."

Shangazi, sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilikuwa nimechoka, na sikuwahi kumwona amefurahi vile.

Tangu hapo gari limeshika mteremko. Amefanya zamu za ziada akakata tikiti kwa fedha yake, Septemba wiki ya pili, kama daftari linavyosema. Amelipia chumba. Amewasimulia dada zake Malindi wote, kwamba mumewe amewatafutia mji wao mpaka kwenye kitabu cha mfalme. Akampigia simu binti yangu, ambaye sasa ana miaka 19 na anasoma chuo mji mwingine, kumshukuru kwa ramani. Alidhani tulipanga pamoja. Binti alimjibu, "Karibu, mama mdogo." Basi. Mimi hakuniandikia wiki tatu.

Alipokuja Idi ya kuchinja alilikuta daftari mezani. Mke wangu ameanza kuongeza mambo yake kwa wino wa kijani. Kwenye ramani, juu ya lile jabali, ameandika, "Kupanda asubuhi na mapema?" Binti alitazama, akalifunga taratibu, akaenda kulala. Ilikuwa saa moja jioni.

Na mke wangu aliwahi kuniuliza, "Mbona mji wote huu hatupandi popote?" Nikamwambia mguu wangu una shida. Sina mguu wowote wenye shida.

Nimwambie ukweli? Nikimwambia nitampokonya zawadi aliyoilia. Nisipomwambia, nitakuwa naketi kwenye yale mabenchi na wake wawili. Au nizue sababu tubadilishe mji? Mwenye chumba anarudisha fedha tukighairi kabla ya katikati ya Agosti. Nisaidie, Shangazi.

Dereva, Ujerumani

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, maana naona miaka imepita lakini wewe bado uko mazishini, na pole kwa hii furaha iliyokukuta nyumbani kwako ukashindwa kuipokea.

Kwanza lile neno la kushiba tuliondoe mezani. Mtu anaweza kukosa usingizi kwa tikiti ya ndege sawasawa na mwingine anayekosa kwa deni la duka. Wewe hukuniandikia habari za likizo. Umeniandikia kwamba mwanamke mmoja alikuachia safari ambayo hakuwahi kuisafiri, mwanamke mwingine ameiokota akadhani ni yake, wewe ukasema maneno mawili ya uchovu saa kumi na moja alfajiri, na sasa binti yako anafunga daftari taratibu. Kama nimekosea kukuelewa, nisahihishe.

Nimelala na barua yako siku tatu. Jambo moja limekataa kuniondoka. Nilijaribu kulisoma daftari lako kama mke wako alivyolisoma pale jikoni. Chumba cha chini. Hakuna kupanda. Hapa benchi, hapa benchi tena, hapa kaa dakika 20. Halafu nikakumbuka kazi yake. Mwanangu, huyu mwanamke mshahara wake unatokana na kujua ni nani hawezi ngazi, nani anahitaji kiti kila baada ya hatua mia, nani vidole vyake havishiki kijiko. Na huyo ndiye unayeamini amesoma kurasa zile asione kwamba zimeandikwa kwa ajili ya mtu mgonjwa? Anajua ulifiwa. Anajua kwa ugonjwa gani. Na ile ramani, ilichorwa na mtoto wa miaka 14. Mkono wa mtoto unajulikana.

Sisemi kwamba anajua. Yawezekana siku ile furaha ilimfumba macho, na furaha hufanya hivyo. Lakini alipokuuliza mbona hatupandi popote, huenda lilikuwa swali la mtu wa mbio anayetamani mlima, na huenda alikuwa amekuachia mlango wazi kidogo aone kama utaingia. Wewe ukamjibu kwa mguu. Kati ya mambo yote uliyoniandikia, hilo la mguu ndilo lililonifanya nicheke, kisha likanitia wasiwasi, kwa sababu "nilitaka nikushtukize" lilitoka peke yake, ila huo mguu uliutengeneza.

Unasema ukimwambia utampokonya zawadi. Zawadi ipi hasa? Sidhani alililia granita. Wala Malindi peke yake haitoshi, ingawa najua watu wa Malindi na mji wao. Nahisi alichokililia ni kuona kwamba yupo mwanamume anayeweza kukaa na kalamu akafikiria mguu wa mwenzake utachoka wapi. Mwanamume huyo si hadithi. Aliandika daftari zima. Hilo ni kweli ukimwambia, na ni kweli usipomwambia. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: kujua kwamba mwanamume huyo alikuwa akimfikiria mwingine kutamuuma. Na maumivu yenyewe sidhani yatakuwa ya wivu kwanza. Yatakuwa ya aibu. Amewasimulia dada zake. Amemshukuru mtoto kwa ramani aliyomchorea mama yake aliyekuwa akifa. Ametia wino wake katika daftari la marehemu. Atatamani ardhi ipasuke. Ndiyo maana naiogopa kalenda kuliko maneno: kila wiki inayopita anaongeza kitu kingine ambacho baadaye atakionea aibu, na atakuuliza kwa nini ulimwacha aongeze.

Sasa binti. Huyu ndiye aliyenichukulia usiku mwingi zaidi.

Alipopigiwa simu angeweza kusema, "Ramani ile niliichora kwa ajili ya mama yangu." Alijibu, "Karibu, mama mdogo." Ana miaka 19, na kwa sekunde mbili aliamua kukusitiri wewe, au kumsitiri yule anayefurahi upande wa pili wa simu, au wote wawili. Wewe umesoma kimya chake kama hasira juu ya ule wino wa kijani. Labda ndivyo. Lakini pia yawezekana hana neno na wino, ana neno na wewe, kwa kumwingiza katika uongo bila kumwomba. Au hakukasirika hata kidogo, alikumbuka tu harufu ya zile penseli akataka kulala. Hujamuuliza. Wiki tatu hakukuandikia. Je, wewe ulimwandikia? Naona daftari unaliita la marehemu, na wakati mwingine unaliita langu, kwa sababu mwandiko ni wako. Kurasa mbili za katikati ni za huyu mtoto, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Ungeweza kuanza naye. Umwendee huko chuoni, si kwa simu, umwambie yaliyotokea alfajiri ile kama ulivyoniambia mimi, bila kujipamba. Hatari yake naiona: mkimaliza kuzungumza mtakuwa wawili wenye siri na mmoja asiyejua, na siku mkeo akigundua kwamba alikuwa wa mwisho kuambiwa ndani ya nyumba yake, hilo nalo ni jeraha. Ukianza na mke, binti ataweza kusema baba amekwenda kutoa habari za mama bila kunijulisha. Sioni mlango usio na msumari. Wewe unawajua wote wawili, mimi nawajua kwa ukurasa mmoja na nusu.

Kuhusu kumwambia mke kabla ya safari, nina neno dogo tu la namna: isiwe baada ya zamu ya usiku. Wewe ukichoka maneno hukutoka yenyewe, tumeshaona. Na kumbuka huna haja ya kuanza na daftari. Unaweza kuanza na marehemu. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema umewahi kumsimulia mkeo habari za yule mwalimu, kwamba alikuwa mcheshi, kwamba alisema "Mzungu aliyetuulizia mapema". Mimi sijawahi kumwona lakini kwa sentensi ile moja nimempenda. Huenda mkeo anaishi na jina na ugonjwa tu, mtu mwenyewe hajawahi kukutana naye.

Wapo watakaokuambia ngoja, mwambie hukohuko, jioni, mbele ya bahari. Nimeona watu wakibeba mambo mazito mpaka likizoni kwa kuamini kwamba uzuri wa mahali utasaidia kuyabeba. Cefalù nimefika mara mbili. Kutoka kituo cha treni hadi uwanja wa kanisa ni mwendo mfupi tu kwa miguu, mtaa mkuu wa mji wa kale unaumaliza kabla kahawa haijapoa tumboni. Mtu akipewa habari kama hiyo pale siku ya pili, atakwenda wapi siku tano zilizobaki? Hana dada wa kumkimbilia, hana kazi ya kujificha, kitanda ni kimoja. Kwa upande wa pili, wapo watu ambao ukiwaambia jambo nyumbani hukimbilia sufuria na zamu, wasikusikilize mpaka uwatoe. Mkeo ni wa aina gani?

Kukaa kimya daima, nalo ni chaguo, na sitakudanganya kwamba watu hawalichagui. Wengi wameingia kaburini na mambo makubwa kuliko haya na ndoa zao zikawa nzuri. Ila siri yako haiko kifuani mwako peke yako. Binti anaijua. Nadhani na ndugu Tanga wapo waliosikia marehemu akiitaja Cefalù. Mwalimu hawezi kupanga safari asiwasimulie watu. Siku moja shangazi wa mtu atasema harusini, "Aa, mlikwenda ule mji aliokuwa akiutaka marehemu!" na atasema kwa nia njema kabisa.

Kubadilisha mji ni rahisi kwa ramani. Sisilia imejaa miji ya pwani. Magharibi mwa Palermo kuna Castellammare del Golfo, kuna Trapani wanakopika kuskusi ya samaki. Lakini utampa sababu gani? Utahitaji mguu mwingine. Na mwanamke wa Malindi aliyekwisha ambiwa kuna mfalme aliyeandikiwa habari za mji wake hatakubali kirahisi kupelekwa pengine.

Halafu kuna swali ambalo hukuniuliza na hukujibu. Umeniambia marehemu alitaka Cefalù. Umeniambia mkeo anataka. Wewe unataka kwenda? Huenda kuna sehemu yako iliyokuwa ikingoja mtu alikute daftari lile. Uliliweka kwenye droo ya karatasi za bima, mwanangu, droo ambayo kila nyumba ya Ujerumani hufunguliwa mara kwa mara. Hukuliweka kwenye sanduku la nguo zake. Sikushtaki. Nauliza tu mkono wako ulikuwa ukifikiria nini. Na kama jibu ni kwamba unataka kwenda lakini na binti, ninyi wawili tu, mkae kwenye yale mabenchi kwa zamu, hilo nalo linasemeka. Mkeo anaweza kuliona kama kufungiwa nje, binti naye anaweza kusema hataki, kwamba ramani kwake imekwisha. Fedha pia si majani. Lakini usilifute kabla hujalitazama.

Kwa kuwa nimefika, nikupe na habari za mji wenyewe, maana huenda daftari halikukueleza. Marehemu alikuwa sahihi kuhusu Agosti. Mara ya kwanza nilikwenda Agosti, kwenye sikukuu ya Mwokozi wanayoimaliza tarehe 6, vijana wanapita juu ya gogo lililopakwa mafuta lililotokezwa baharini wakigombania bendera iliyoko mwishoni, wanaanguka kama maembe mabovu na mji mzima unapiga kelele. Nilifurahi siku moja, siku zilizofuata sikupata pa kutandika kitambaa mchangani. Kisha inakuja tarehe 15, sikukuu yao ya Ferragosto, Waitalia wote wako pwani na bei ziko juu ya minazi. Septemba maji bado yana joto na watu wamerudi makazini. Kwenye hoteli kuna kodi ndogo ya wageni ya kila usiku, na mkahawani mtaona "coperto" kwenye hesabu, hiyo ni ya kukalia meza na mkate, msigombane na mhudumu. Mle tambi za dagaa, zina zabibu kavu na zafarani ndani, mtajiona mko Forodhani. Sisilia ina mzabibu unaoitwa zibibbo. Neno ni lilelile letu, sote tulipewa na Waarabu.

Sasa nisikilize hapa. Mtaa wa chini, karibu na bahari, kuna mahali pa kale pa kufulia nguo. Maji ya mto yanatoka baridi kwenye midomo ya simba wa chuma yakijaza mabirika ya mawe, na wanawake wa mji walifua pale kizazi baada ya kizazi. Kwangu ndipo palipo pazuri kuliko kote. Daftari lako linapataja? Nina wasiwasi halipataji, kwa sababu kufika pale unashuka ngazi. Na lile jabali, karibu mita 270, lina njia ya ngazi mpaka juu kwenye magofu ya hekalu wanaloliita la Diana na kuta za ngome. Unalipa kiingilio kidogo, unavaa viatu vya kufunika, unabeba maji, na asubuhi na mapema ndiyo saa yake hasa, kabla jua halijakamata mawe. Mke wako ameandika saa hiyo bila kuambiwa na mtu. Daftari la marehemu, kwa jinsi mwili wake ulivyokuwa, limeacha nusu ya mji haijaandikwa. Kila chenye ngazi. Sijui utalifanyia nini jambo hilo, ila niliona ni vizuri ulijue kabla hujaamua kwamba wino wa kijani umeharibu kitu.

Na kuna kisa cha mji huohuo ambacho mwalimu lazima alikijua. Mfalme Roger alitaka azikwe Cefalù. Mwaka 1145 akaliwekea kanisa lile majeneza mawili ya jiwe jekundu la thamani. Alipokufa 1154, mwezi tu baada ya kitabu cha al-Idrisi kukamilika, akazikwa Palermo, na yale majeneza yakabaki yakingoja. Mwaka 1215 mjukuu wake Frederick akayahamishia Palermo, moja kwa ajili ya baba yake na moja kwa ajili yake mwenyewe, na mpaka leo wamelala humo. Sikuelezi kisa hiki ili kikupe ruhusa. Frederick alikuwa mfalme, hakumwomba mtu, na mwenye majeneza alikuwa amekufa miaka 61. Wewe una miaka minne tu na kidogo, na una binti anayetazama. Nimekisimulia kwa sababu nilipokuwa nikisoma barua yako kilikuja chenyewe, na kwa sababu nadhani marehemu angekipenda mahali hapa.

Una mpaka katikati ya Agosti kuhusu chumba, na leo Julai imeingia. Usiitumie tarehe ya mwenye nyumba kama tarehe yako. Yeye anajua fedha zake tu. Niandikie tena, hata kama utakuwa hujafanya lolote, hata kama utaandika kuniambia nimekosea kuhusu mkeo.

Na huo mguu, mwanangu, utafute namna ya kuuponya mapema. Umeoa mtu anayetazama miguu ya watu kwa kazi, na mimi nina hakika ameshakuangalia unavyopanda ngazi za nyumbani.